Joto la bahari na pwani ya Bagamoyo: Nani anabeba gharama? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kwa nini upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, unapata joto kwa kasi. Kwa faida ya msomaji aliyeikosa, tukumbushane kidogo. Kati ya mwaka 1901 na 2012 joto la uso wa bahari katika ukanda huu lilipanda kwa takriban nyuzi 1.2 za Selsiasi, likipimwa katika miezi ya kusi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi. Hubaki juu na hayachanganyiki vyema na maji ya chini yenye ubaridi na rutuba. Rutuba isipopanda, mimea midogo inayoelea, ambayo macho hayaioni lakini ndiyo chakula cha dagaa na vibua, hupungua. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walikadiria kwamba mimea hiyo imepungua kwa hadi asilimia 20 katika muda wa miongo sita. Wakati huohuo usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi yake ikafikia karibu milimita 3.7 kwa mwaka.

Leo tunayaacha mahesabu ya bahari kuu tunashuka ufukweni: Kunduchi na Mbweni, kisha Mlingotini, Mbegani, Kaole na Bagamoyo mjini, hadi Saadani na Pangani. Tunauliza watu wanaoishi kwa bahari wamefanya nini mpaka sasa, na kila kilichofanyika kimelipiwa na nani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Mengi yanayoitwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi katika pwani hii ni mzigo uliotolewa bega moja ukawekwa bega jingine. Umetoka kwa mwenye chombo ukaenda kwa baharia, umetoka kwa mnunuzi ukaenda kwa mkulima wa mwani, na umetoka kwa mvuvi wa leo ukaenda kwa mtoto wake. Yaliyosaidia kweli ni machache, na karibu yote yamesimama juu ya kitu kinachomilikiwa na kutunzwa kwa pamoja.

Tuanze na njia kongwe kuliko zote, nayo ni kuhama. Wavuvi wa pwani yetu wamekwenda dago tangu zama za mababu. Upepo ukigeuka, kundi hufunga safari na nyavu zake, hupiga kambi kwenye ufukwe wa watu wengine kwa wiki au miezi, kisha hurudi nyumbani. Watu wa Kojani, Pemba, wanajulikana kwa hilo kutoka Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Dago lilikuwa na adabu yake: mgeni hujitambulisha kwa wazee, huomba mahali pa kuanika na maji ya kunywa, na huvua kwa zana zinazokubalika hapo. Kwa maneno mengine, muda mrefu kabla ya kuwapo kwa mradi wowote, watu hawa walikwishajua kwamba samaki hakai pamoja mwaka mzima, na walikuwa na utaratibu wa kumfuata bila kugombana.

Kinachobadilika sasa ni umbali na gharama. Mvuvi wa ngalawa hutegemea umande, upepo unaotoka bara alfajiri, umpeleke nje, na upepo wa baharini wa mchana umrudishe. Ratiba hiyo humwekea mpaka wa safari yake. Samaki wakisogea nje ya mpaka huo, tanga halitoshi tena, inatakiwa mashine. Mashine inakunywa mafuta, na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia mfukoni mwa baharia bila kubisha hodi. Kwa kawaida, kabla ya mapato kugawanywa, hutolewa kwanza gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya chombo, nyavu, mashine na mabaharia. Safari ikirefuka, fungu linalotolewa kwanza hunenepa na linalobaki hukonda. Chombo kinaweza kurudi na samaki walewale kwa kilo kama wa miaka kumi iliyopita, na baharia akaenda nyumbani na fedha pungufu. Takwimu za mavuno zinazokusanywa kwenye diko hazionyeshi jambo hili, kwa sababu zinapima samaki walioshushwa na haziulizi lita za mafuta zilizochomwa kuwapata.

Asiye na mashine hana pa kwenda isipokuwa majini karibu. Huko hutumia juya, makokoro na nyavu za matundu madogo, wengine hata chandarua cha mbu. Majani ya bahari yaliyo kwenye maji mafupi ndiyo malezi ya tasi, changu na pono. Wavu wa aina hiyo ukipita, hukusanya wadogo ambao wangefaa kuvuliwa mwaka unaofuata. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza zana hizo, na sina neno la kuzitetea. Lakini ni haki kusema kwamba mtu anayevuta kokoro leo mara nyingi naye anajirekebisha kulingana na hali, ila anajirekebisha kwa kula mtaji.

Wahenga walisema avumaye baharini papa kumbe wengi wapo. Siku hizi avumaye ni tabianchi. Kwa miongo kadhaa pwani hii, kuanzia Dar es Salaam kupanda kaskazini hadi Tanga, ilipigwa mabomu ya baruti karibu kila siku ya bahari shwari, hadi operesheni zilizoshika kasi tangu mwaka 2016 zilipopunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Mwamba wa matumbawe uliopigwa bomu hugeuka kifusi. Kifusi husukumwa huku na huku na mawimbi, na vichanga vya matumbawe havipati mahali palipotulia pa kushika. Kisha lilikuja joto. Mwaka 1998 bahari ilichemka kwa El Niño na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka: tumbawe likizidiwa na joto hufukuza vijimea vinavyoishi ndani yake na kulilisha, likabaki jeupe, na joto lisiposhuka mapema hufa. Likatokea tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Mwamba mzima una nafasi ya kupona baada ya kupauka. Uliovunjwa nafasi yake ni ndogo mno. Ndiyo maana maeneo tengefu ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotangazwa mwaka 1975 na ambayo kwa miaka mingi yalikuwa tengefu kwenye karatasi tu, yana thamani kubwa zaidi sasa kuliko siku yalipotangazwa. Hakuna mvuvi wa Kunduchi anayeweza kupunguza joto la Bahari ya Hindi, lakini kulinda mwamba usivunjwe kunawezekana, na tumeona kwamba kunawezekana.

Sasa nije kwenye mwani, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana nafikiri hakuna jambo katika pwani yote hii linaloonyesha vizuri zaidi jinsi joto la bahari linavyomfika mtu mmoja mmoja.

Wazo la kulima mwani nchini lilipiganiwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeufanyia utafiti tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikavuka hadi bara na kufika vijiji kama Mlingotini, wilayani Bagamoyo. Aina zinazolimwa ni mbili: kotonii na spinosamu. Zote mbili hutoa karajinani, kitu kinachogandisha na kushikamanisha, kinachotumika viwandani kwenye dawa za meno, vyakula na vipodozi. Kotonii ndiyo yenye bei. Spinosamu huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko hiyo.

Njia iliyozoeleka ni ya vigingi. Mkulima hupigilia vigingi kwenye mchanga wa maji mafupi, hutandaza kamba kati yake, hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba hizo, na baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika na kuuza. Kazi hufanyika siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na shamba kufikika kwa miguu. Wanaofanya kazi hii kwa sehemu kubwa ni wanawake, na sababu ni hiyohiyo: haitaki chombo, haitaki kwenda mbali na watoto, haitaki mtaji mkubwa. Kwa wengi ilikuwa ndiyo fedha ya kwanza iliyoingia mkononi bila kupitia kwa mume.

Tatizo likaja kutoka juu, kwenye jua. Maji mafupi ya bamvua wakati wa mchana hupata joto kali zaidi kuliko bahari ya nje, na bahari ya nje yenyewe ikiwa imepanda joto, yale ya shambani huvuka kiwango ambacho kotonii inaweza kustahimili. Mmea hudhoofika, matawi hubadilika rangi kuwa meupe, hulainika na kukatika. Mvua kubwa za masika zinapomwaga maji baridi baharini na kushusha chumvi, huudhoofisha pia. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa katika mashamba mengi ya Zanzibar na ya pwani ya bara, na wakulima wakarudi kwenye spinosamu, ambayo ni ngumu zaidi. Ukiandika ripoti, utasema wakulima wamehimili kwa kubadili aina ya zao. Ukimsikiliza mama wa Mlingotini, atakwambia anafanya kazi ileile, ndani ya maji yaleyale, anapata bei ndogo. Yote mawili ni kweli. La pili ndilo linaloamua kama binti yake ataifuata kazi hiyo.

Daktari Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, aliona kwamba dawa ni kuufuata ubaridi: kulima kwenye maji marefu zaidi, ambako joto halipandi na kushuka kwa ghafla. Kamba hufungwa kwenye maboya na nanga, zikaelea, na mwani hubaki ndani ya maji hata wakati wa kupwa. Jaribio hilo lilifanyika pia katika pwani ya Bagamoyo, na lilionyesha kwamba kotonii inaweza kurudi. Kwa upande wa sayansi jambo likawa limepatiwa ufumbuzi.

Lakini maji marefu yanahitaji mtumbwi. Yanahitaji nanga, maboya na kamba nene, na mtu wa kuyalinda yasiibwe wala yasikatwe na nyavu za watu. Zaidi ya yote, yanahitaji mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi wa pwani yetu, waliokulia hatua chache kutoka baharini, hawakufundishwa kuogelea, kwa sababu za staha na kwa sababu bahari ya nje ilihesabiwa ni ya wanaume. Kwa hiyo joto linamsukuma mwanamke kutoka kwenye maji ya magotini kwenda kwenye maji ya kumzamisha, na mtaji wa kufika huko hana. Mara nyingi kinachofuata ni kumwomba au kumwajiri mwanamume mwenye chombo, na fedha iliyokuwa yake yote ikagawanywa. Ninaposoma mipango ya uchumi wa buluu natafuta ndani yake kifungu cha mitumbwi ya wanawake na mafunzo ya kuogelea. Mafunzo hayo ni ya bei nafuu, na bila hayo kilimo cha maji marefu kitakuwa cha wengine.

Wanawake wa Mlingotini hawakukaa kusubiri. Vikundi vyao vimekuwa vikisaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni, ili zao linalouzwa kwa bei ya chini likiwa kavu liuzwe kwa bei nzuri zaidi likiwa bidhaa. Soko la bidhaa hizo bado ni dogo, na mwani mwingi wa nchi yetu unaendelea kusafirishwa ukiwa umekaushwa tu. Hata hivyo nawapongeza kwa moyo wote, kwa sababu hii ni mojawapo ya njia chache zinazoongeza kipato bila kuongeza hata kamba moja baharini.

Tupande sasa nchi kavu kidogo, tufike Kaole. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara, yako leo nyuma ya msitu wa mikoko. Zamani vyombo vilitia nanga karibu na mji. Tope likajaa, mikoko ikaota, bandari ikazibika, na kufikia karne ya 18 maisha yalikuwa yakihamia Bagamoyo. Kuna wanaotumia historia hiyo kusema kwamba pwani imekuwa ikisogea siku zote, basi hofu ya nini? Naliona jambo hilo kinyume chake. Watu wa Kaole walikuwa na mahali pa kuhamia. Mikoko nayo ilikuwa na mahali pa kuhamia: usawa wa maji ukipanda, miche huota nyuma zaidi, na msitu mzima hurudi bara taratibu. Leo nyuma ya mikoko kuna mashamba ya chumvi, nyumba, hoteli na viwanja vilivyopimwa. Bahari inapanda mbele, ukuta au tuta liko nyuma, na msitu unabanwa katikati.

Msitu huo unafanya kazi nyingi kuliko tunavyouhesabia. Mizizi ya mkoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope linaloletwa na Ruvu na Wami, na kwa kushika tope hilo huinua ardhi yake yenyewe, ikijaribu kwenda sambamba na bahari. Kamba wachanga hukulia humo kabla ya kutoka nje. Umaarufu wa maji ya Bagamoyo na Saadani kwa kamba, waliovuliwa na meli za kukokota hadi uvuvi huo uliposimamishwa mwishoni mwa mwaka 2007, ulitegemea msitu huu. Mkomafi hutoa mbao za mataruma ya vyombo, mkandaa hutoa fito na boriti za nyumba. Mikoko yote ya bara, zaidi ya hekta 100,000 ambazo karibu nusu yake iko delta ya Rufiji, ni hifadhi ya serikali, na siku hizi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Kupanda mikoko kumekuwa shughuli inayopendwa sana. Viongozi huja, wanafunzi huja, picha hupigwa. Nafurahi kuona hamasa hiyo, lakini lazima niseme kinachoniudhi. Mbegu ya mkoko wenyewe ni ndefu, imekwishaota ikiwa mtini, na kuichomeka kwenye tope ni kazi ya dakika moja. Basi huchomekwa kila mahali, hata kwenye tope la mbele linalopigwa na mawimbi ambako mti wa kuanzia kwa asili yake ni mlilana, au kwenye ardhi ngumu ya nyuma ambako mchu na mkandaa ndio wenye makazi. Baada ya bamvua kadhaa miche huwa imekufa. Aliyepanda amekwishaondoka.

Wenyeji wanaoijua mikoko hufanya jambo lisilo na picha nzuri. Kwenye shamba la chumvi lililotelekezwa, wanakata tuta. Maji ya kujaa yakipata njia ya kuingia na kutoka kama ilivyokuwa kabla ya shamba, chumvi iliyolundikana huoshwa, mbegu zinazoelea huletwa na maji yenyewe, na kila aina huota mahali pake. Kazi ni ya majembe na siku chache. Kilicho kigumu ni ruhusa, kwa sababu shamba lililotelekezwa mara nyingi bado lina mwenye hati. Na kuna jambo la mbali zaidi ambalo wahandisi wa maji wanapaswa kulitolea hesabu: bwawa lolote linalojengwa juu ya mto, likiwemo la Kidunda kwenye Ruvu ambalo Dar es Salaam inalihitaji kwa maji ya kunywa, hushika sehemu ya tope ambalo mikoko ya mdomoni mwa mto inalitegemea ili iinuke pamoja na bahari.

Majirani zetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wametuonyesha hatua iliyo mbele. Tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa katika hekta 117 za msitu, na fedha hutumika kwa maji na shule za vijiji vyao. Sisemi biashara ya kaboni ni mwarobaini. Ninachokiona pale ni kwamba wanakijiji walipewa makubaliano rasmi ya kusimamia msitu na sauti juu ya matumizi ya fedha zake. Mlinzi wa mikoko wa Bagamoyo ambaye hana lolote kati ya hayo anaombwa kujitolea milele.

Kuhusu kuta za kuzuia bahari nitapita haraka. Katika miaka ya 2010 zilijengwa Dar es Salaam kwenye barabara ya Barack Obama, Kigamboni na Pangani, kwa fedha za mifuko ya kimataifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na pale zilipojengwa zinafanya kazi yake. Haiwezekani kujenga ukuta kutoka Kunduchi hadi Pangani. Isitoshe, ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa tangu miaka ya 1970, na moja ya sababu zake kuu iko nchi kavu: mchanga unaochimbwa kwenye vijito kama Tegeta na Mbezi kwa ajili ya ujenzi wa jiji ndio uliopaswa kufika baharini na kuujaza ufukwe.

Visima ni habari nyingine. Programu ya Taifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2007 ilitaja kuingia kwa maji ya bahari kwenye visima vya pwani ya mji wa Bagamoyo kuwa moja ya dalili za wazi nchini. Chini ya ardhi maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Bahari ikipanda, mvua zikipungua, au pampu nyingi zikivuta kwa pamoja na kushusha ile mita ya juu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kasi inayowashangaza watu. Anayelipia hapo ni mwenye ndoo.

Programu hiyohiyo ilitaja kisiwa cha Maziwe, nje kidogo ya Pangani. Kilikuwa na miti na kilisifika kwa kasa waliokuja kutaga; miti ikatoweka, mchanga ukaliwa, na leo ni fungu linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa bado wanarudi hapo. Wenyeji huyachukua mayai na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo, ng'ambo, wakayafukia upya na kuyalinda mpaka yaanguliwe.

Limebaki suala la tufani. Manahodha wetu walikuwa na kalenda ya Nairuzi, wakahesabu miongo ya siku kumi kumi na kujua katika mwongo gani kusi linatarajiwa kukaza na lini bahari italala. Elimu hiyo ina thamani, na ingefaa iandikwe kabla wazee hawajaondoka nayo. Lakini ilijengwa juu ya misimu inayojirudia, na tufani haina mwongo wake. Pwani yetu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauzipi dhoruba nguvu ya kujisokota vyema, ndiyo maana tufani kubwa zinazokumbukwa ni chache: ile ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, yaliyokuwa na miaka michache tu tangu misheni ianzishwe mwaka 1868, na ile iliyopiga Lindi mwaka 1952. Kisha Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa za Hidaya mapema, na vyombo vingi vikabaki bandarini. Hilo lilikuwa jema, na linaonyesha kwamba utabiri unaofika ufukweni kwa Kiswahili na kwa wakati huokoa watu. Tatizo liko kwenye siku za kawaida zaidi, siku za upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita mbili, ambazo si tufani lakini zinatosha kupindua ngalawa. Mvuvi anaipata taarifa kwenye redio au simu. Anaielewa. Anatoka hivyohivyo, kwa sababu anadaiwa na tajiri aliyempa wavu, na kwa sababu mama karanga, mkaanga samaki anayemsubiri ufukweni, naye amekopa mafuta ya kukaangia. Tahadhari humfaa mwenye uwezo wa kukaa nyumbani siku tatu. Kwa hiyo vikoba, upatu na akiba za vikundi, mambo ambayo wataalamu wa hali ya hewa hawayahesabu katika kazi yao, ndiyo yanayoamua kama utabiri wao utatiiwa.

Ombi langu ni kwa madiwani wa halmashauri za pwani hii, kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa. Tengeni fungu la mitumbwi, maboya na mafunzo ya kuogelea kwa wakulima wa mwani. Yaorodhesheni mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa na kutafuta makubaliano na wenye hati ili matuta yakatwe. Wapeni watunza kumbukumbu wa diko kazi ya kuandika lita za mafuta pamoja na kilo za samaki. Nawe msomaji unayeishi katika vijiji hivi, hudhuria mkutano wa kijiji na uulize haya kwa sauti, kwa sababu yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri.

Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutaangalia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU: vimepewa mamlaka gani na sheria, na vinakwama wapi.